Maziwa na kiharusi: mwongozo wa jikoni kwa kaya za Moshi na Arusha

Mwenye presha huuliza kama aache maziwa kwa sababu yana mafuta. Mwenye mzazi aliyepooza upande mmoja huuliza kama maziwa mengi yangemkinga mzee wake. Huku kwetu, ambako ng'ombe mmoja wa bandani ndiye anayelipa ada za shule na mtindi haukosekani mezani, maswali haya hayakwepeki.

Jibu fupi ni hili. Maziwa ya kawaida na mtindi hayajaonekana kumletea mtu kiharusi, na ushahidi uliopo unaegemea zaidi upande wa kupunguza hatari. Lakini upungufu wenyewe si mkubwa, na humezwa mara moja na presha isiyotibiwa, au na vile tunavyotia ndani ya maziwa na pembeni yake: sukari, chumvi, magadi, samli. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye ndoo ya maziwa.

Hatua ya 1: Pima presha

Kiharusi kiko cha namna mbili. Mara nyingi mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huzibwa na bonge la damu. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu ikavujia ndani ya kichwa. Kwa zote mbili, presha ya kupanda ndiyo chanzo kinachoongoza. Na hewa ya mlimani haitukingi kama wengi wanavyodhani. Wilaya ya Hai, ambayo kila basi la Moshi kwenda Arusha huipita pale Boma Ng'ombe, ilifuatiliwa na watafiti wa kiharusi kati ya 2003 na 2006, sambamba na sehemu ya Dar es Salaam. Wakisawazisha umri wa watu, walipata viharusi vipya kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka upande wa Hai, na kama 316 upande wa Dar es Salaam. Unaweza kusema afadhali sisi. Ila wazee wa Hai wenye miaka 70 na zaidi walipopimwa miaka michache baadaye, karibu 7 kati ya 10 walikuwa na presha. Hao ni watu wa migombani na shambani, si watu wa chipsi kila jioni.

Zahanati na vituo vya afya hupima, na maduka mengi ya dawa pia. Ukinunua mashine yako, chukua ile ya kufunga mkono wa juu, usichukue ya kifundo. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote ikanyage chini, tulia dakika 5 bila kuongea. Nusu saa kabla ya hapo usinywe kahawa wala kuvuta sigara, na kama una haja ndogo nenda kwanza. Mkono uulaze mezani usawa wa moyo, mkanda uguse ngozi. Najua asubuhi ya Julai kule Marangu kuvua sweta ni adhabu, lakini vua. Pima mara 2, uachanishe kwa dakika moja, kisha andika kwenye daftari pamoja na tarehe.

Ukipata 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, nenda ukaonane na daktari. Ukipata 180 kwa 120 huku kichwa kinauma sana, macho yanaona ukungu au kifua kinabana, nenda hospitali mara moja. Na ukishaandikiwa dawa, ni za kila siku, hata siku unayojisikia mzima kama kijana. Hakuna kiasi cha maziwa kinachochukua nafasi ya kidonge ulichokiacha kwenye kabati.

Wanawake waliojifungua karibuni wasisahaulike hapa. Mama mzazi analetewa mtori na siagi, anakandwa, anatunzwa, na ni vizuri. Lakini kama alikuwa na presha au kifafa cha mimba, presha yake iendelee kupimwa wiki zote za mwanzo baada ya kujifungua. Kiharusi cha wakati huo kipo, na kichwa kinachomuuma vibaya mama mzazi hakitulizwi kwa mtori.

Hatua ya 2: Jua utafiti unakuahidi nini na haukuahidi nini

Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao PURE, uliofuatilia watu zaidi ya 136,000 wenye umri wa miaka 35 hadi 70 katika nchi 21, Tanzania ikiwamo. Waliotumia zaidi ya vipimo 2 vya maziwa au mazao yake kwa siku walipata kiharusi pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko wasiotumia kabisa. Kipimo kimoja hapo ni glasi ya maziwa au mtindi yenye gramu 244, au kipande cha jibini cha gramu 15, au kijiko cha siagi cha gramu 5. Faida ilionekana kwenye maziwa na mtindi. Siagi haikuonyesha faida.

Uchambuzi wa 2016 uliokusanya tafiti nyingi pamoja ulipata kitu cha kiasi zaidi: kila mililita 200 za maziwa kwa siku ziliendana na kiharusi pungufu kwa asilimia 7. Na kule Ulaya, utafiti wa mwaka 2020 uliohusisha watu zaidi ya 418,000 katika nchi 9 ulitenganisha zile namna mbili. Maziwa, mtindi na jibini viliendana na upungufu wa kiharusi cha mshipa kuziba. Kwa kile cha mshipa kupasuka, uhusiano huo haukuonekana.

Sasa subiri kidogo kabla hujaongeza lita nyingine kwa mama wa maziwa. Tafiti zote hizo ni za kuangalia watu wanavyoishi na kuhesabu waliougua. Hebu fikiria mtaani kwako ni nani anayekunywa maziwa kila siku: mwenye ng'ombe, au mwenye mshahara. Huyo huyo ana bima ya afya, anakula parachichi, anaenda hospitali mapema. Watafiti hujitahidi kuondoa tofauti hizo kwenye hesabu, lakini haziishi zote. Tofauti kati ya asilimia 7 na theluthi nzima inakuonyesha jinsi namba hizi zinavyoyumba.

Kwa hiyo mimi huweka uzito zaidi kwenye majaribio, yale ambayo watu wanapewa chakula na kupimwa. Jaribio la DASH la Marekani, lililotoka mwaka 1997, liliwalisha watu wazima 459 kwa wiki kadhaa. Kundi moja lilipewa matunda na mboga kwa wingi, na namba ya juu ya presha ilishuka kwa 2.8. Kundi jingine likapewa matunda na mboga pamoja na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, na mafuta mengine ya chakula yakapunguzwa pia. Hao walishuka kwa 5.5, na waliokuwa tayari na presha walishuka kwa zaidi ya 11. Hapo maziwa hayakufanya kazi peke yake, lakini yalikuwamo kwenye sahani iliyofanya kazi. Kinachodhaniwa kusaidia ni kalsiamu, potasiamu na magnesiamu, pamoja na vipande vya protini vinavyopatikana maziwa yanapoganda, ambavyo husaidia mishipa kulegea.

Lazima niguse na habari ya Wamaasai, maana huku Arusha haikosi kutajwa. Ni kweli kwamba mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, na wenzake waliandika kuhusu wanaume wa Kimaasai wa Tanganyika walioishi kwa maziwa na nyama, na bado kolesteroli yao ilikuwa chini na ugonjwa wa moyo hauonekani. Kisichosimuliwa ni kwamba mwaka 1972 Mann huyohuyo alitoa matokeo ya uchunguzi wa mioyo na mishipa ya Wamaasai 50 waliofariki, na mafuta yalikuwamo kwenye kuta za mishipa yao. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka. Watu wale walitembea na mifugo kutwa nzima, hawakuwa na chumvi ya pakiti wala soda. Anayekunywa maziwa ya Kimaasai halafu anapanda bodaboda kwenda dukani hatua 200 asijihesabie kinga ile.

Hatua ya 3: Chemsha, hata yakiwa ya ng'ombe wako

Hapa sina mjadala mrefu. Katika hospitali 2 za Moshi, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kati ya 2007 na 2008 walichunguzwa kwa kina. Zaidi ya nusu walidhaniwa wana malaria. Waliothibitika kuwa nayo walikuwa asilimia 1.6 tu. Karibu robo ya waliopimwa magonjwa yatokayo kwa wanyama walikutwa nayo, na brusela ilikuwa mojawapo. Brusela hupita kwenye maziwa mabichi, na kifua kikuu cha ng'ombe vilevile. Hakuna faida ya kukinga kiharusi kwa kujitafutia homa ya miezi.

Chuja kwa kitambaa safi, weka kwenye sufuria, koroga mpaka yafurike, punguza moto, yaache yachemke dakika chache zaidi. Kalsiamu haiendi popote. Kwa mtindi, chemsha kwanza, acha yapoe mpaka kidole kivumilie bila kuungua, ndipo utie vijiko vichache vya mtindi wa jana, funika, weka mahali pa joto hadi asubuhi. Ukali wa mtindi wa maziwa mabichi hauui brusela kwa uhakika, kwa hiyo kuganda si badala ya kuchemsha. Kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha oloirien, yaani mzeituni wa porini, kinaweza kuendelea kutumika, na harufu yake tamu ile ibaki. Tia ndani maziwa yaliyochemshwa.

Hatua ya 4: Amua kiasi

Glasi 1 hadi 2 kwa siku kwa mtu mzima, za maziwa au mtindi au mchanganyiko wa hivyo. Glasi ya mililita 250 ina protini kama gramu 8, mafuta kama gramu 8, kalsiamu miligramu 300 hivi na potasiamu zaidi ya miligramu 300. Bodi ya Maziwa hupenda kutaja lita 200 kwa mtu kwa mwaka kama lengo. Ukigawanya kwa siku 365 unapata zaidi kidogo ya nusu lita, yaani glasi hizohizo 2. Mtanzania wa kawaida hajafika hata nusu ya hapo, kwa hiyo kwa wengi wetu ushauri wa kupunguza maziwa unapigwa mahali pasipo na ugonjwa.

Je, ni lazima yawe yaliyotolewa mafuta? Ukishachemsha na kuyaacha yapoe, utando mnene wa mafuta hupanda juu. Mwenye kolesteroli ya juu, kisukari au uzito uliozidi auondoe kwa kijiko, kazi imekwisha. Mwingine asiye na tatizo anywe yalivyo. Sioni sababu ya mtu wa Machame, mwenye ng'ombe nyuma ya nyumba, kwenda mjini kununua boksi la maziwa yasiyo na mafuta kwa bei ya lita mbili za kwake.

La muhimu zaidi ni maziwa yanachukua nafasi ya nini. Glasi ya mtindi ikiondoa soda ya saa kumi, umepata. Ikiongezwa juu ya soda, juu ya chai, juu ya mandazi, umejiongezea kilo tu.

Hatua ya 5: Safisha kinachoandamana na maziwa

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo ambayo watu hawataki kuisikia.

Anza na chai. Chai ya maziwa yenye vijiko 3 vya sukari, mara vikombe 4 kwa siku, ni vijiko 12, yaani gramu 48 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na linaona afadhali zaidi ikiwa nusu ya hapo. Umemaliza mgao wako kabla hujagusa kitu kingine. Sukari hiyo huleta uzito na kisukari, na kisukari kinatembea bega kwa bega na kiharusi. Usiikate kwa siku moja, wageni watakuchukia. Punguza nusu kijiko kila wiki, na uongeze iliki, tangawizi au mchaichai. Na usiweke sukari ndani ya chupa ya chai, kila mtu ajitilie mwenyewe; utashangaa nani ndani ya nyumba alikuwa anamaliza sukari.

Kisha yogati za dukani zenye picha ya stroberi au vanila. Soma nyuma ya kopo sehemu ya sukari kwa kila mililita 100. Maziwa yenyewe yana sukari yake ya asili, kama gramu 5. Kopo likiandika gramu 12, maana yake 7 zimeongezwa kiwandani. Ukinywa mililita 250 umekunywa vijiko 4 vya sukari na ushee. Mtindi mtupu usiotiwa kitu ndio ulio kwenye mwongozo huu. Ukiona ni mkali mno, ponda ndizi mbivu ndani yake.

Chumvi. Hapa ushahidi una nguvu kuliko ule wa maziwa, na nisingekuwa mkweli kama ningeandika kurasa za mtindi na kuificha. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya jaribio la vijiji 600 vya China, lenye watu karibu 21,000, ambamo nusu ya vijiji walipewa chumvi iliyobadilishwa sehemu ya sodiamu yake kwa potasiamu. Viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Hilo ni jaribio, si kuangalia tu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa mtu mzima kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, kwa vyakula vyote.

Kwa kaya hesabu yake ni rahisi. Watu wazima 5 kwa gramu 5 ni gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo basi isiishe kabla ya siku 20, na hapo hujahesabu chumvi iliyo kwenye mkate, soseji na vile vipakiti vya viungo vya kukolezea mchuzi. Andika kwa kalamu juu ya pakiti tarehe uliyoifungua. Ikiisha kwa wiki moja na nusu, hakuna haja ya kuuliza presha ya baba inatoka wapi. Kile kirundo cha chumvi pembeni ya nyama choma nacho kiondolewe mezani. Pilipili na limao vinatosha.

Magadi. Kiburu, yaani ndizi zilizopondwa na maharage, bila magadi, wengine watasema, si kiburu. Lakini magadi yamejaa sodiamu, na yanaingia kwenye sufuria moja na chumvi bila mtu kuyahesabu. Magadi ya ukanda wetu yana na floraidi nyingi, ile inayofanya meno ya watoto wa Arusha na Meru kuwa ya kahawia. Loweka maharage na mahindi usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa moto wa polepole; yataiva bila magadi. Ukishindwa kabisa, tia kidogo na siku hiyo chumvi usitie.

Samli na siagi. Watu huziona kama maziwa yaliyokolea, kwa hiyo lazima ziwe bora zaidi. Ni kinyume. Kalsiamu, potasiamu na protini zimebaki kwenye maziwa yaliyotolewa siagi. Kwenye samli kuna mafuta tu, na zaidi ya nusu yake ni yale magumu yanayopandisha kolesteroli mbaya. Kijiko kikubwa kimoja kina kama gramu 8 za mafuta hayo magumu, wakati glasi nzima ya maziwa ina kama gramu 5. Tumia samli kwa harufu, kijiko cha chai kwenye sufuria ya watu wote. Jibini huku kwetu si chakula cha kila siku, ila anayeila ajue ina chumvi.

Ukitaka kuona sahani inayofanana na ile ya DASH bila kutoka Kilimanjaro, iko tayari: ndizi za kupika, maharage, mnafu au mchicha, parachichi pembeni, glasi ya mtindi. Loshoro nayo, makande yaliyochanganywa na maziwa mgando, ni chakula safi mpaka pale mtu anapoikoleza magadi na chumvi. Vyakula vya bibi zetu havikuwa vibaya. Vilizidiwa na vitu viwili vitatu vya dukani, na mbege iliyogeuka kutoka ya sherehe kuwa ya kila jioni. Pombe nyingi hupandisha presha, hata ikiwa imepikwa kwa ndizi za shambani kwako.

Hatua ya 6: Tumbo likikataa

Wapo wanaonguruma tumbo na kuharisha baada ya glasi moja. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza makabila ya Tanzania, Kenya na Sudan walionyesha kwamba jamii za wafugaji huku zina mabadiliko yao wenyewe ya kurithi yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya sukari ya maziwa, tofauti na yale ya Wazungu. Si kila mtu anayo. Anza na nusu kikombe cha mtindi pamoja na chakula, maana kuganda hupunguza sukari hiyo. Kama bado tumbo linakataa, acha. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani vitakupa kalsiamu, na hakuna utafiti unaosema asiyekunywa maziwa amehukumiwa kiharusi.

Hatua ya 7: Dawa na figo

Dawa za kawaida za presha kama amlodipine na losartan hazina ugomvi na maziwa. Zenye ugomvi ni doxycycline na ciprofloxacin, pamoja na vidonge vya madini ya chuma: kalsiamu huzikamata tumboni zisiingie mwilini, kwa hiyo achanisha kwa saa 2 au zaidi. Ni kichekesho kichungu kwamba aliyepata brusela kwa maziwa mabichi huandikiwa doxycycline, akaenda kuimeza kwa glasi ya maziwa ili isimchome tumbo. Ameze kwa maji mengi na chakula kisicho na maziwa.

Mwenye ugonjwa wa figo asifuate kiasi cha hatua ya 4. Potasiamu na fosforasi za maziwa, ndizi na parachichi zinaweza kumlundikia, hasa akiwa anatumia losartan au dawa za jamii yake, na chumvi ya potasiamu ndiyo asiiguse kabisa. Apewe kiasi chake na daktari wa kliniki anayohudhuria.

Hatua ya 8: Kiharusi kikitokea, weka kikombe chini

Uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayatoki au yanatoka ovyo: hata moja tu kati ya hayo likija ghafla, ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Angalia saa na uandike muda aliokuwa mzima mara ya mwisho, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na ni baada ya CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa sababu hiyo usimpe aspirini nyumbani. Tafuta gari, si bodaboda, na muulize mapema dereva na ndugu ni hospitali gani yenye CT scan, kama KCMC kwa watu wa Moshi, ili msizunguke.

Na usimpe maziwa. Huku kwetu mtu akianguka, jirani wa kwanza huleta maji, wa pili maziwa, wa tatu mafuta ya kupaka. Aliyepata kiharusi mara nyingi koo lake halimezi sawasawa. Maziwa huteremkia mapafuni na kuleta nimonia, ambayo huua wengi walionusurika na kiharusi chenyewe. Mlaze kwa ubavu akiwa amelegea au anatapika, na mdomoni kusiingie kitu chochote mpaka muuguzi ampime kumeza.

Akirudi nyumbani, utaratibu wa kulisha uwe ule mliofundishwa wodini. Vitu vyepesi kama maji na maziwa ndivyo vinavyomshinda kwanza. Mtindi mzito au uji mzito wa maziwa mara nyingi hupita vizuri zaidi. Mkalishe wima kabisa, kidevu kiinamie kifua kidogo, kijiko kidogo, upande wa mdomo ulio mzima, na asimeze kingine kabla cha kwanza hakijapita. Akikohoa, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, simamisha na umrudishe akapimwe. Ukimaliza, pitisha kidole chenye kitambaa safi ndani ya shavu lililolegea, maana chakula hubaki humo, na asilale kwa nusu saa.

Anayelishwa kwa mpira wa puani apewe maziwa yaliyochemshwa siku hiyo, kichwa kikiwa kimeinuliwa, na mpira usuuzwe kwa maji safi yaliyochemshwa kabla na baada. Yaliyobaki kwenye kikombe yakikaa nje zaidi ya saa 2, yamwagwe.